Tarehe ya Kwenye Pakiti Haijui Friji Yako

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa, viongozi wetu wa dini, akina mama wa vikoba, wenye maduka na wazazi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Assalam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na wale mliokuja kwa kuwa mlisikia kuna chai, karibuni sana. Chai ipo na maandazi yapo, ila nimeomba yagawiwe mwisho.

Leo ni Septemba 29, siku ambayo tangu mwaka 2020 Umoja wa Mataifa unaiadhimisha ili watu wakumbushwe juu ya chakula kinachopotea na kutupwa. Kwenye tangazo niliwaomba kila mmoja aje na kitu kimoja alichokuwa karibu kukitupa kwa sababu ya tarehe, na naona meza imejaa. Kuna tambi, makopo ya nyanya, biskuti, asali, unga wa dona, mtindi, maji ya chupa. Kuna mtu kaleta chumvi. Chumvi! Aliyeileta asijifiche, nitamrudia, maana amenisaidia kuliko wote.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Kabla sijasomea mambo ya chakula nilikuwa karani wa stoo katika duka moja kubwa hapa mjini. Jina tuliache. Kila Jumatatu asubuhi nilipita kwenye rafu na daftari, nasoma tarehe, nashusha vilivyopita. Siku moja tulishusha katoni kadhaa za tambi, zimepita tarehe kwa siku nne. Msimamizi akatugawia visu vya kukatia katoni: kila pakiti ichanwe, zimwagiwe sabuni ya unga na maji, ndipo zipelekwe kwenye gari la taka. Nikauliza sabuni ya nini. Akasema, ili walinzi wasizichukue wakala.

Mlinzi wa geti alikuwa amesimama pale pale, anatutazama. Mzee wa watu, mshahara wake nilikuwa naujua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napanga karatasi za malipo mwisho wa mwezi. Mimi nikachana. Nilichana zote, na niliamini kwa moyo safi kabisa kwamba namwokoa yule mzee na sumu. Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Sikuona haya hata kidogo, kwa sababu pakiti ilikuwa na tarehe, tarehe ilikuwa imepita, na mimi nilikuwa na neno moja tu la kusemea jambo hilo: imeekspaya.

Lifikirieni neno hilo tunavyolitumia. Leseni ya udereva inaekspaya. Bima inaekspaya. Bando la simu linaekspaya, tena hilo lina adabu ya ajabu: saa sita kamili usiku linakata, hata kama ulikuwa katikati ya salamu. Sasa tumelichukua neno la bando tukalibandika kwenye tambi, na kichwani mwetu tambi nazo zinakata saa sita usiku. Jioni ni chakula, alfajiri ni sumu. Lakini tambi ni unga wa ngano na maji, vimekandwa vikakaushwa. Bakteria naye ni kiumbe, anahitaji unyevu ili aishi. Ndani ya tambi kavu hana pa kunywa.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa darasani, mwalimu alituletea pakiti za namna hiyo hiyo akatuambia tusome kilichoandikwa kabla ya tarehe. Kabla ya tarehe, si tarehe yenyewe. Paliandikwa "Best before". Nikahisi ile harufu ya sabuni ya unga.

Ndugu zangu, tarehe ziko mbili. Ipo Tume ya Codex, chombo cha viwango vya chakula cha mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, FAO la chakula na WHO la afya, na kiwango chake cha lebo za vyakula vya pakiti kilipitishwa mwaka 1985, kisha sehemu ya tarehe ikaandikwa upya mwaka 2018. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki, EAS 38, kinafuata njia hiyo hiyo. Tarehe ya kwanza, hiyo ya "Best before", ni tarehe ya ubora. Mwenye kiwanda anakuahidi kwamba hadi siku hiyo, pakiti ikiwa haijafunguliwa na ikiwa imehifadhiwa kama alivyoelekeza, biskuti itakuwa na mlio wake, kahawa itanukia, juisi itakuwa na rangi uliyoizoea. Siku hiyo ikipita, ahadi yake imekwisha, ila chakula huenda bado kinalika. Codex wenyewe wanasema hivyo. Tarehe ya pili, "Use by" au "Expiry", ni tarehe ya usalama. Ikipita, kisiuzwe na kisiliwe. Hapo hakuna kunusa wala kujadiliana na mama mkwe.

Na nani anapanga tarehe ya ubora? Mara nyingi ni kiwanda chenyewe. Wanakiweka chakula rafuni, wanapima, wanaonja, wanaona lini ladha inaanza kulegea, kisha wanapunguza siku kadhaa kwa tahadhari. Siwalaumu. Ningekuwa na kiwanda ningefanya vivyo hivyo, nisingependa mtu aonje biskuti yangu ikiwa imelegea akaenda kuisema msibani. Ila ni vizuri mjue kwamba tarehe hiyo inalinda jina la kiwanda kuliko inavyolinda tumbo lako.

Sasa mwenye chumvi. Ni wewe dada wa kitenge cha bluu? Ahsante. Codex ina orodha ya vyakula ambavyo havilazimiki kuwekewa tarehe kabisa: matunda na mboga mbichi, siki, sukari isiyoongezwa virutubisho, chumvi isiyoongezwa madini joto, na vinywaji vyenye kileo cha asilimia 10 au zaidi, shehe utanisamehe, nasoma orodha kama ilivyo. Chumvi ilikaa baharini tangu dunia iumbwe, ikaja ikakaa kwenye pakiti miaka miwili, leo unataka kuitupa kwa kuharibika? Ila nisimwonee dada yetu. Chumvi yetu huongezwa madini joto, na madini hayo hupungua kidogo kidogo, hasa pakiti ikiachwa wazi pembeni ya jiko, kwenye joto na mvuke. Kwa hiyo tarehe ile ina maana, lakini inazungumzia madini joto, haisemi kwamba chumvi imeoza. Funga pakiti, itumie. Ukinunua nyingine nunua ndogo.

Mtaniuliza, mbona unatusumbua na pakiti za tambi wakati nyanya zinaozea barabarani? Ni kweli. FAO wanakadiria kwamba karibu asilimia 13 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno kabla hakijafika dukani, na aliyewahi kukaa nyuma ya lori la nyanya kutoka Ilula hahitaji ripoti. Lakini kuna upande wa pili. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake pale Gigiri, Nairobi, lilitoa ripoti mwaka 2024: katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kilichokuwa kimeshafika madukani, mikahawani na majumbani. Majumbani peke yake ni tani milioni 631. Asilimia 60. Siyo hoteli, siyo masoko. Ni jikoni.

Kwa nini watu wanatupa, sababu ni nyingi. Wengine wanapika kama wanalisha jeshi. Lakini utafiti uliofanywa kwa ajili ya Tume ya Ulaya mwaka 2018 ulikadiria kwamba hadi asilimia 10 ya tani milioni 88 zilizokuwa zinatupwa Ulaya kwa mwaka ilihusiana na tarehe za kwenye lebo. Pigeni hesabu wenyewe, ni karibu tani milioni tisa. Nao ni watu waliosoma, wana friji, umeme haukatiki, na lugha iliyoandikwa kwenye pakiti ni ya kwao.

Marekani ndiko kichekesho. Hakuna sheria ya serikali kuu inayolazimisha tarehe kwenye vyakula, isipokuwa maziwa ya unga ya watoto wachanga. Kwingine kote kila jimbo na lake, kila kiwanda na maneno yake. Ipo hadi tarehe inayosema "Sell by", yaani uza kabla ya siku hii. Hiyo ni kiwanda kinaongea na mwenye duka, kinamwambia panga mzigo wako. Mteja anafungua friji, anasoma barua isiyo yake, anamwaga maziwa. California wamechoka. Mwaka 2024 walipitisha sheria kwamba kuanzia Julai 1, 2026 hayo maneno ya "Sell by" yasionekane tena kwa mnunuzi, na zibaki tarehe mbili tu, ya ubora na ya usalama. Uingereza, kampuni ya maduka makubwa ya Morrisons Januari 2022 ilitangaza kwamba sehemu kubwa ya maziwa yake yataandikwa tarehe ya ubora badala ya ya usalama, na wateja wakaambiwa wanuse kwanza. Norway na Denmark wapo wenye viwanda walioongeza maneno machache baada ya tarehe: mara nyingi ni kizuri hata baada ya hapo. Napenda sana hayo maneno. Yameandikwa na mtu anayemheshimu mnunuzi.

Sasa turudi kwetu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Sikuja kuwaambia tarehe ni uongo mzitupe. Mtu akitoka hapa na kusema yule mama amesema tule vilivyopita, atakuwa amenisingizia.

Tatizo letu lina sura mbili. Tunatupa kisichodhuru, na tunakula kinachodhuru, vyote kwa kuiamini tarehe ile ile. Kwa nini? Kwa sababu tarehe ni ahadi yenye sharti, na sharti limeandikwa kwa herufi ndogo chini yake: hifadhi kwenye ubaridi, usizidi nyuzi kadhaa, tumia ndani ya siku kadhaa baada ya kufungua. Kiwanda kilipopanga tarehe ya ule mtindi kilidhani utakaa kwenye baridi tangu unapotoka kiwandani mpaka mdomoni mwako. Sasa mtindi wa kwetu unasafirije? Umepakiwa kwenye bodaboda saa sita mchana, jua la Dar. Umefika dukani, umeme umekatika kwa muda wa saa nne nzima. Umeme umerudi, mtindi umepata baridi, umeme umekatika tena. Na kuna wenye maduka, sina shaka hawapo hapa, ambao wakifunga usiku wanachomoa friji ili unit za LUKU zisiishe. Mnacheka. Mimi nimeuona waya umezungushwa vizuri juu ya friji kama kamba ya ng'ombe.

Asubuhi friji inawashwa, mtindi unapata baridi, unapendeza. Tarehe inasema bado siku kumi. Tarehe haikulala pale dukani. Haijui.

Ukishafungua, habari ni hiyo hiyo. Boksi la maziwa yasiyohitaji friji lina tarehe ya miezi sita mbele, mtu analifungua, analiacha kabatini siku tatu, mtoto anaharisha, mtu huyo anasema nimelogwa, mbona bado haijaekspaya. Ile miezi sita ilikuwa ya boksi lililofungwa. Ulipolikata kwa mkasi, hesabu mpya ilianza, nayo ni ya siku chache, tena kwenye friji.

Na kuna vyakula ambavyo pua haisaidii. Nyama zilizopikwa tayari na kufungwa, kama polony na soseji za kuliwa baridi, zina adui anaitwa listeria. Huyu anakua hata ndani ya friji, polepole, na hatoi harufu. Afrika Kusini mwaka 2017 hadi 2018 waliugua watu 1,060 na wakafa 216, na chanzo kilionekana ni polony. Mjamzito, mtoto mchanga, mzee, hao ndio wa kwanza. Kwa vyakula vya namna hiyo tarehe ya usalama ni mpaka, na baridi ni lazima. Sijui kusema kwa lugha nyepesi zaidi ya hapo.

Halafu kuna hatari isiyo na tarehe kabisa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, 125 wakafa. Ni mahindi ya nyumbani, ya gunia, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Hapa kwetu mwaka 2016, Dodoma na Manyara, tulizika pia. Gunia halina lebo. Mtu huyo huyo anaweza kutupa pakiti ya sukari iliyopita tarehe wiki moja, kisha akapeleka mashineni mahindi yenye ukungu kwa sababu ni ya shambani kwake.

Nimepanda kidogo sauti, nisameheni.

Tuguse hizi namba zenyewe. Shangazi yangu alitupa kopo zima la maziwa ya unga, la elfu kadhaa, kwa sababu alisoma MFG akadhani ndiyo mwisho. MFG ni siku ya kutengenezwa. Shangazi alitupa maziwa kwa kosa la kuzaliwa. Na bidhaa za kutoka nje: 05/04 ikitoka Marekani ni Mei 4, ikitoka kwingine ni Aprili 5. Mwezi mzima unapotea katikati ya mstari mmoja. Ukiona hivyo, tafuta tarehe nyingine kwenye pakiti hiyo hiyo yenye siku inayozidi 12, itakuonyesha wanaandikaje.

Lakini lalamiko langu kubwa ni hili, na kama yupo mwenye kiwanda kidogo hapa, mnaosindika karanga na pilipili, linawahusu. Geuzeni pakiti zilizoko mezani. Biskuti: EXP. Majani ya chai: EXP. Mtindi: EXP. Maji: EXP. Herufi tatu hizo hizo kwa kitu kinachoweza kukulaza hospitali na kwa kitu ambacho kikizeeka kitapoteza harufu tu. Ni rahisi kugonga muhuri mmoja, naelewa. Lakini ukimwambia mtu kila mlango una mbwa mkali, atafanya moja kati ya mawili: hatapita popote, au ataacha kukusikiliza. Tuna Kiswahili cha kutosha. "Bora kabla ya." "Mwisho wa kutumia." Maneno mawili matatu, yanaenea kwenye pakiti ya karanga ya shilingi mia tano.

Wenye maduka, sheria haiwaruhusu kuuza kilichopita, nami siwafundishi kuuza. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula, wakikikuta watakibeba na utalipa gharama. Nawaomba mambo mawili. Kilichoingia kwanza kiwekwe mbele, mzigo mpya nyuma. Na kikibakiza wiki mbili, punguza bei na umwambie mteja waziwazi kwa nini. Wapo wanaochukua asetoni wakafuta tarehe na kugonga nyingine. Nyie mnawajua. Hao ndio walioua imani, maana mteja akishadanganywa mara moja anaanza kutupa hata kizuri. Ukiona mihuri miwili imepandiana, au wino unaotoka kwa kidole chenye mate, usinunue, toa taarifa.

Haya, tuje mezani kabla chai haijapoa.

Tambi hizi, mwezi mmoja umepita, kavu, hazina wadudu, pakiti haijatoboka. Zipikwe leo. Makopo ya nyanya, matatu haya: hayana kutu, hayajavimba, hayavuji, yamepita wiki tatu. Ni mchuzi. Na mkumbuke kinyume chake, kopo lililovimba hata kama tarehe ni ya mwakani usilifungue wala usilionje. Asali hii imeganda, ndiyo maana mwenye nayo ameogopa. Asali nzuri huganda. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu itayeyuka. Ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, mpya wala ya zamani. Dona hili, subirini ninuse. Hili hapana. Tarehe haijapita, lakini dona lina kiini cha mahindi, kiini kina mafuta, na mafuta yakipata joto yanakuwa machungu. Sembe ingevumilia. Mwenye dona nenda kawape kuku, na safari nyingine nunua kilo mbili, usinunue kumi.

Na huu mtindi ni wa nani? Wako kaka? Umeuleta kwa sababu gani? Eti mkeo alitaka kuumwaga, wewe ukakataa kwa kuwa bado siku tisa. Ushikeni, mpitishane, usifunguliwe. Tazameni mfuniko ulivyojaa juu kama andazi. Umeununua lini? Juzi, na jana umeme ulikuwaje kwenu? Basi kaka yangu, ukifika nyumbani mwambie shemeji alikuwa sahihi, halafu mmwage wote wawili.